Pudensiana Amemwondoa Kaka Aristides

Alhamisi ile Pudensiana hakuwa na ugomvi na mtu yeyote. Alichokuwa anakitaka ni shingo ya kaka yake tu. Yaani kipimo cha shingo. Kitenge cha familia kilikuwa mezani, mkasi uko mkononi, mashati ya wajomba wote yameshakatwa isipokuwa la kaka huyo, Aristides, mjomba mkubwa wa bibi harusi, mwenye shingo ambayo fundi hawezi kuikisia kwa macho, kwa sababu inaanzia masikioni na kwenda moja kwa moja mabegani bila kuaga.

Pudensiana ni fundi cherehani Kwa Mrombo, Arusha. Kibanda chake kimebanwa katikati: kushoto Salwa, mwanamke wa Tanga anayeuza viungo, kulia Najim, mchoma nyama. Moshi wa Najim haujui mpaka. Watoto wa mtaa mzima wanakwenda shule na sare zinazonukia mbuzi choma, na mbwa wanawapenda sana. Kibandani humo ndimo Pudensiana alimomlea mtoto wake wa pekee, Agnela, toka analazwa kwenye boksi la vitambaa mpaka akawa nesi. Baba yake Agnela alitoka kwenda kununua vocha wakati mtoto anaota meno, na inaelekea bado anasubiri chenji.

Sasa Agnela anaolewa. Sendofu, sherehe ya kumuaga, ni Jumamosi. Na katika ukoo wao, watu wa Kibosho, binti hatoki nyumbani hivihivi kama anakwenda sokoni. Mwanaume mkubwa wa nyumba anamshika mkono, anamsimamisha mbele ya wakwe, anasema maneno, anamkabidhi. Mwanaume huyo ni Aristides, dereva wa lori mstaafu, anayekaa Elerai. Ndiye aliyempeleka Agnela shule siku ya kwanza, ndiye aliyesimama naye kipaimara, na ndiye ambaye hotuba yake ya Jumamosi alikuwa ameshaifanyia mazoezi mbele ya ng'ombe. Wakwe wenyewe ni Walutheri wa Machame, watu ambao hata wakicheka wanacheka kwa utaratibu. Wangefika, wangekaa, na swali lao la kwanza lingekuwa: mwenye mtoto yuko wapi?

Kwa hiyo shingo.

Simu ya Pudensiana ilikuwa ya Agnela zamani. Kioo kimepasuka kona, na tabia yake ni ya wazee wa baraza: ukiiuliza kitu inafikiri kwanza. Humo ndani kulikuwa na Kaka, Kaka Mpya, Kaka Line Nyingine na Kaka Usipige Hii, na Pudensiana hakukumbuka yupi kati yao bado yuko hewani. Akaona njia fupi ni kuingia kwenye grupu la sendofu, amtafute kaka yake kwenye orodha ya watu, amguse jina, amwandikie. Na Pudensiana alikuwa admini wa grupu lile. Agnela alimpa uadmini kwa heshima tu, kama bibi anavyopewa kiti cha mbele kwenye mkutano wa chama asichokijua.

Akagusa jina. Kimya.

Akagusa tena. Kimya.

Akagusa kwa kidole gumba, kile anachokandamizia mikunjo ya koti. Simu ikashtuka. Kumbe ilikuwa imevisikia vidole vyote, ila ilikuwa inavipanga foleni. Kidole cha kwanza kilifungua kijisanduku cha maneno. Cha pili kilianguka juu ya neno moja humo, Ondoa. Na kile gumba kikajibu Sawa, kwa swali ambalo Pudensiana hakuwahi kuliona.

Mstari mdogo wa kijivu ukatokea katikati ya grupu, mbele ya ukoo mzima wa Arusha, Kibosho na wale wa Dar wanaojifanya wako bize. Umemwondoa Kaka Aristides.

Pudensiana aliusoma. Akavua miwani, akaifuta kwa kitenge, akausoma tena.

"Salwa!" aliita. "Salwa njoo! Nimemfukuza kaka yangu!"

"Umemfukuza saa ngapi?" Salwa alijibu toka upande wa pili wa bati. "Mbona sijamwona akipita?"

"Kwenye simu!"

Salwa akaja mikono ameinyoosha mbele, imejaa manjano mpaka viwikoni, alikuwa anapima. "Nionyeshe. Shika wewe mwenyewe, mimi nikikigusa hicho kioo utasoma meseji za njano mpaka Krismasi." Akachungulia. "Alaa. Kweli umemfukuza. Amekukosea nini?"

"Hajanikosea! Nilikuwa nataka shingo yake!"

"Ndo umtoe roho kabisa?"

"Salwa, usinichekeshe, nitalia."

"Basi tulia. Si umemtoa? Mrudishe. Pale juu, pale, ongeza mtu. Haya. Umeona?"

Pudensiana akamrudisha. Akaona jina la kaka yake limeingia, akavuta pumzi, akawa ameanza hata kuushika mkasi, simu ikalia kidogo. Kaka Aristides ametoka.

"Ametoka?" alisema Pudensiana. "Ametoka kwenda wapi?"

"Mrudishe tena."

Akamrudisha tena. Kaka Aristides ametoka.

"Labda ni mtandao," Pudensiana alisema, akijua kwamba anaomba.

"Shoga yangu, mtandao hautoki mlangoni mara mbili. Huyo kanuna."

Alipiga Kaka, haipatikani. Alipiga Kaka Mpya, ikapokea sauti ya mwanamke inayosema vitu kwa Kiingereza. Kule kwenye grupu moto ulikuwa umeshika nyasi. Princess, mtoto wa dada yake, aliweka kile kikatuni kinachokodoa macho, akauliza, "Anti, mjomba amefanya nini?" Mtu wa Dar, aliyekuwa kimya toka Pasaka, akaandika kwamba yeye alijua tu mambo ya kile kihamba cha Kibosho, lile shamba la ukoo, yatafika hapa. Hakuna aliyekuwa amekitaja kihamba. Mwingine akajibu kihamba kisihusishwe na pombe. Pudensiana alisoma yote hayo akitafuta mahali ambapo lile lilizaa hili, hakupaona.

Agnela akapiga akiwa kazini, ananong'ona kwa ukali kama manesi wanavyojua. "Mama! Umefanya nini?"

"Mwanangu, hata mimi nauliza."

"Usiguse kitu chochote! Sawa? Weka simu chini!"

Pudensiana akaiweka chini. Chini kweli, sakafuni, katikati ya vipande vya vitambaa, akasimama mbali akiitazama kama mtu anavyomtazama nyoka anayesemekana hana sumu.

Akajaribu kufanya kazi. Akashona mkono wa kushoto wa gauni la Princess kwenye bega la kulia. Akafumua. Akashona tena, uzi ukajiviringa chini ya sindano ukawa kiota. Akaacha kukanyaga, akainua mguu wa cherehani, akatoa bobini, akakata uzi taratibu, akapuliza vumbi, akatunga upya. Hata hakuguna.

Salwa alikuwa amesimama mlangoni muda wote, manjano yanamkaukia. "Unajiona?" alisema. "Hilo dubwana limekusumbua, na hukulipiga hata kofi. Mbona simu uliibandika vidole kama unaua kunguni?"

"Hili nalijua. Likikwama, naona limekwama wapi. Uzi si huu hapa? Hiyo," akaonyesha sakafuni kwa mkasi, "imekwama wapi? Nionyeshe uzi wake, Salwa. Uzi wake uko wapi?"

Salwa aliinama akaitazama simu kwa muda, kama vile anautafuta kweli. "Sijauona," alikiri.

Simu ikalia. Ilikuwa sauti iliyorekodiwa na Catherine, mke wa Aristides, mama mpole anayezungumza kama anayesoma matangazo kanisani. "Wifi, Tumsifu Yesu Kristo. Kaka yako ameniambia nikuulize. Anasema kwa ukoo wenu, mtu anatolewa kikaoni kwa mambo mawili. Kuiba ng'ombe au kumpiga mama yake. Anasema ng'ombe anao wa kwake, na mama alishazikwa. Kwa hiyo anauliza, yeye ametolewa kwa lipi? Na anasema Jumamosi hawezi kwenda mahali alipofukuzwa mbele ya watoto. Hayo ni maneno yake, wifi. Mimi nimetumwa tu."

Pudensiana alikaa kwenye kiti cha wateja. Akilini alimwona Agnela ukumbini, amevaa gauni ambalo yeye mwenyewe alilitia shanga moja moja, ananyoosha mkono, na hakuna wa kuushika.

"Isale," alisema ghafla.

"Nini hiyo, chakula?"

"Jani. Wewe unaliona kila siku, lile refu lililopandwa kwenye ua wa mzee Loishiye huku nyuma. Kwetu ukimkosea mtu mkubwa humpelekei maneno, maneno kila mtu anayo. Unakata isale, unalifunga fundo, unampelekea. Akishaliona amekwisha, hawezi kukataa. Hata kama ulimchomea nyumba."

"Hata nyumba?" Salwa alionekana kama anayekumbuka watu kadhaa. "Sisi Tanga tunapelekeana halua, na bado mtu anakataa. Basi mpelekee jani lake."

"Elerai? Nikienda nimekula siku, na nguo za kamati nzima hizi hapa."

"Si ulipige picha?"

Walitazamana. Lilikuwa wazo zuri kiasi kwamba wote wawili walishangaa halikutangulia.

Mzee Loishiye alikubali jani likatwe, akiuliza tu ni nani amekufa. Pudensiana akalifunga fundo kama alivyomwona mama yake akifunga, akalilaza juu ya kitenge cha familia, akainua simu. Picha ya kwanza ilitoka kidole. Ya pili ikatoka kidevu chake mwenyewe, kwa sababu kamera ilikuwa imegeuka inamtazama yeye. Ya tatu ikatoka jani, zuri, la kijani, limelala kama mgeni. Akaandika chini yake: Kaka nisamehe. Akiwa njiani kwenda kwenye kile kialama cha kutuma, kidole kikakikwangua kiduara fulani kidogo pembeni, chenye 1 ndani, kikageuka rangi kuwa kijani. Pudensiana aliona ni dalili njema. Kijani si ruhusa? Akatuma kwa ile namba iliyotoka kwenye grupu.

Safari hii aligusa mara moja tu, akashika mikono yake yote miwili mapajani ili isifanye jambo.

Wakasubiri. Salwa akaenda kunawa, akarudi. Ndipo sauti ya Aristides mwenyewe ikaja, nzito, ya mtu aliyezoea kuongea juu ya injini.

"Pude. Nimeliona isale. Nimesema, haya, mdogo wangu ana adabu, nikavae miwani nilione vizuri. Nimerudi, halipo. Nimetafuta juu, nimetafuta chini. Halipo! Umenipa isale ukaninyang'anya. Mimi nimezaliwa Kibosho, nimeendesha lori mpaka Lubumbashi, sijawahi kuona mtu anapewa isale halafu linachukuliwa kabla hajakaa. Sijui hilo ni tusi gani. Lakini ni jipya."

"Hujalichukua, si ndiyo?" Salwa aliuliza.

"Nimelichukua vipi? Niko hapa!" Pudensiana akafungua mahali alipoituma picha. Haikuwepo hata kwake. Palikuwa na kineno tu, Imefunguliwa, na kiduara kitupu. Akageuka kutazama mezani. Jani lipo, na fundo lake. Picha haipo. Kaka ameliona. Kaka hajaliona. Yeye ameomba msamaha, na msamaha wenyewe umemwongezea kosa. Kwa muda hakuwa na hakika hata kama asubuhi alikunywa chai.

Kisha damu ikampanda kichwani. Akatoka nje na simu mkononi, moja kwa moja hadi kwenye jiko la Najim, akainua mkono juu ya makaa.

Najim hakuacha kugeuza mbavu. "Mama Agnela," alisema, "hiyo haiivi. Hata ukiitia ndimu."

Wateja wawili wakacheka. Pudensiana akabaki mkono uko juu, joto linampanda kwapani, moshi machoni, na pale ndipo alipotambua kwamba toka asubuhi kila alichogusa kwa hasira kimezaa kosa jingine. Mkono ukashuka wenyewe. Hakuwa ameelewa kitu. Alikuwa amechoka tu kutaka kuelewa kwa haraka.

Akampa Salwa simu. "Kaa nayo."

"Ikilia?"

"Iache ilie. Itanyamaza."

"Wakiuliza kihamba?"

"Waambie kipo."

Alilichukua jani, akalifunga kwenye kipande cha kitenge, akapanda bodaboda. Mlima Meru ulikuwa umejifunika wingu mpaka kiunoni, kama mtu aliyetoka kuoga akakuta wageni sebuleni. Njia nzima Pudensiana alilishika lile jani kifuani kwa mikono miwili, mpaka dereva akauliza, "Mama, hujanishika, ukianguka je?" Akamwambia apunguze mwendo basi.

Aristides alikuwa barazani, amekaa kwenye kiti chake cha mbao, simu ameinyoosha mbali na uso, nyusi zimekutana.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba." Hakuinua kichwa. "Umekuja mwenyewe, au nikivaa miwani utapotea?"

Pudensiana akapiga magoti kwenye saruji, akafungua kitenge, akalitoa jani kwa mikono miwili. Hapo Aristides akalazimika kuitua simu. Alilitazama jani, akamtazama dada yake, akalitazama tena jani. Akasogea mbele kidogo kitini. Lakini mtu aliyeshinda amenuna hawezi kunyooka mara moja, lazima apinde kona kwanza.

"Hili ni la kosa lipi?" aliuliza. "La kunifukuza au la kuninyang'anya?"

"La yote, kaka."

"Isale moja, kosa moja."

"Nani kasema?"

"Baba."

"Baba hakuwahi kusema hivyo!"

"Alisema ukiwa hujazaliwa."

Pudensiana akainuka, magoti yanalia, akaenda kwenye ua wa nyumba, akavunja isale jingine, akarudi akilifunga fundo.

"Hilo ni la kwangu," alisema Aristides. "Nimelipanda mwenyewe. Unaniomba msamaha kwa mali yangu? Hilo sasa ni la tatu."

"Baba Hans," Catherine aliita toka ndani, kwa sauti ileile ya matangazo ya kanisa, "mwache mwenzio ainuke. Na umwambie na ya kwako."

"Ya kwangu ipi?"

"Ya kutoka."

Ng'ombe alikohoa bandani. Aristides akaichukua simu yake, akaigeuza upande huu na ule, akaonekana mdogo ghafla, mwenye shingo ya kawaida.

"Uliponirudisha," alisema polepole, "niliona. Nikafurahi. Nikataka niandike, nimerudi. Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena. Yenyewe ikaandika nimetoka."

"Mara mbili?"

"Ya pili nilibonyeza kwa nguvu, ili isikosee."

Pudensiana alikaa chini kabisa, mgongo kwenye nguzo. "Kwa hiyo hukuwa umekasirika?"

"Nilikasirika sana! Kwa nini nisikasirike? Lakini kukasirika ni kwangu. Kutoka kulikuja kwenyewe."

"Na zile salamu za wifi? Ng'ombe na mama?"

"Hizo ni zangu," alisema Aristides, kwa heshima kidogo. "Hizo nilizifikiria."

Catherine alitoka na chai na ndizi za kuchemsha, akaona masale mawili yako chini katikati yao kama watoto waliosusiwa. Alisimama tu na sinia, na halikuwa sinia jepesi, mpaka mumewe akaelewa kwamba chai haitatua mpaka jambo limetua. Aristides akanyoosha mikono yote miwili, akayapokea masale, lile la mzee Loishiye na lile la ua wake mwenyewe, akayaweka juu ya paja.

"Nimepokea," alisema.

Pudensiana akalia kidogo, akafuta kwa kile kitenge, na kwa kuwa mkono ulikuwa tayari hewani akamzungushia kaka yake kamba ya kitambaa shingoni, akaweka alama kwa ukucha. Aristides alijiachia apimwe, kidevu juu, kama ng'ombe anayechanjwa.

"Jumamosi ni saa ngapi?" aliuliza, kidevu bado juu.

"Ratiba iko kwenye grupu."

Aristides akamtazama. Hakumtazama kwa jicho zuri.

"Saa nane, kaka," Pudensiana alisema haraka. "Saa nane mchana. Nakuambia kwa mdomo. Saa nane, ukumbi uleule wa komunyo ya Hans. Wewe ndiye unamshika mkono, na hakuna mwingine."

"Nitakuja saa sita. Nikae kabisa. Tuone nani ataniondoa."

Wakanywa chai. Simu ya Aristides ilikuwa pembeni ya sahani ya ndizi, ikawa inajiwasha na kujizima, ukoo unaulizana. Kila ilipowaka wote watatu waliitazama, na hakuna aliyepeleka kidole.

"Kaka," alisema Pudensiana baadaye, "lakini ile picha ilikwenda wapi?"

Aristides alitafuna ndizi yake mpaka ikaisha, akafikiri, akatazama uani, akatazama angani kule mawingu yalikokuwa yanashuka.

"Mimi nilidhani wewe unajua."